Kiuno kilipanuka, pindo halikushuka: jinsi tulivyogundua kwa nini binti yetu harefuki

Mtoto mfupi aliyekonda hupata msaada haraka. Ataongezewa chakula, atapewa dawa ya minyoo, atapelekwa kituo cha afya akapimwe mkono. Uganda ina watoto wengi waliodumaa kwa sababu ya lishe. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta asilimia 29 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu huwa ni sahani. Mtoto mfupi aliyenenepa hahangaikiwi na yeyote. Mashavu yamejaa, basi ana afya. Binti yangu alikuwa wa namna hiyo, na naandika kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto kama yeye, hasa anayeishi mbali na Kampala, kwa sababu kurefuka kwa mifupa kuna muda wake na muda huo ukipita haurudi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye baraza la duka mjini Arua, na kabla ya muhula wa kwanza kuanza napima watoto mpaka magharibi. Vipimo naviandika kwenye daftari pamoja na tarehe: bega, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Watoto wangu nao wamo humo. Binti yangu alipoingia P3, yaani darasa la tatu, sketi yake ya P2 bado ilimtosha kwa urefu, ila kiuno kilimbana. Mwaka uliofuata ikawa vilevile: nikapanua kiuno, pindo sikuligusa. Mdogo wake wa kiume akamfikia bega kwa bega, kisha akampita.

Mambo mengine yalikuwepo, lakini kila moja lilikuwa na maelezo yake. Alivaa sweta kwenye joto la Arua, joto linalotufanya sisi wengine tutandike mikeka nje. Choo chake kilikuwa kigumu na kilikuja baada ya siku kadhaa. Tulisema hanywi maji. Ngozi ya miguu ilikauka hata akipakwa mafuta. Tulisema ni kiangazi. Alikuwa mtulivu, hakimbiikimbii, anapenda kulala. Walimu walimsifu kwa adabu. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo kwenye mstari mmoja na urefu wake.

Mama mkwe wangu aliniambia, “Mwanangu, kwetu wafupi wapo. Shangazi yake alikuwa hivi hivi, na aliolewa akazaa.” Hoja yake ilikuwa na uzito, maana urefu hurithiwa kweli. Baadaye daktari alitufundisha hesabu ya kuipima hoja hiyo, na kila mzazi anaweza kuifanya nyumbani. Jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita. Kwa binti toa 13, kwa mvulana ongeza 13, kisha gawa kwa mbili. Sisi ni 176 na 163. Ukitoa 13 unabaki na 326, nusu yake 163. Watoto wengi huishia ndani ya sentimita nane au tisa juu au chini ya namba hiyo. Ufupi wa ukoo pia una tabia yake: mtoto huwa mfupi tangu mwanzo lakini huendelea kurefuka mwaka hadi mwaka kwa mwendo wa kawaida. Mtoto aliyekuwa akirefuka kisha akasimama, huyo ukoo haumwelezi.

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda, ya watu binafsi, ilimpima uzito na joto. Kimo hawakukipima. Tuliuziwa sirapu ya kalisi (kalsiamu), sirapu ya zinki na vitamini za mchanganyiko, zikaisha, tukauziwa nyingine. Kalisi ni malighafi ya mfupa, na mtoto asiyeipata ya kutosha, au asiye na vitamini D ya kuifyonza, hupata matege na mifupa laini. Lakini mtoto asiyepungukiwa, chupa kumi hazimwongezei hata unene wa kucha. Fedha iliyokwenda kwenye chupa zile ingelipia picha ya mkono na vipimo vya damu vilivyokuja kutupa jibu, na ingebaki ya nauli. Hilo bado linaniuma.

Kuna jambo lingine ambalo lazima nilitaje kwa sauti. Kwenye baadhi ya maduka ya dawa huuzwa vidonge vya kuleta hamu ya kula na kunenepesha, na jirani aliyenipenda alinishauri nimpe binti yangu. Vidonge vya aina hiyo mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa za jamii ya homoni ya kotisoli. Ni dawa muhimu mikononi mwa daktari. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila sababu huvimbisha uso, huchosha mifupa na huzuia mtoto kurefuka. Na ukizisimamisha ghafla baada ya kuzizoesha mwili, mtoto anaweza kuzidiwa vibaya. Kama tayari mwanao anazinywa, usizikatishe peke yako. Nenda naye hospitali na kopo lake.

Mwanga ulianza hospitali ya rufaa, kwa daktari kijana wa watoto aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Mama, mwaka jana alikuwa na urefu gani?” Kimo sikuwa nacho, lakini nilikuwa na daftari langu mkobani. Nilimfungulia kurasa za sketi. Alizitazama kwa makini kuliko alivyotazama kadi ya chanjo, ambayo mstari wake wa ukuaji ulikuwa umeishia zamani, alipomaliza umri wa chanjo. Kisha akampima mwenyewe, na nawaeleza namna alivyofanya kwa sababu vipimo vingi vya nyumbani na hata vya zahanati huharibika hapa. Alimvua viatu. Alinitaka nifumue nywele zilizosukwa juu ya utosi. Visigino, makalio na mabega viliguswa ukutani, macho yakatazama mbele, na ubao bapa ukashushwa kichwani ukiwa umenyooka. Alipima, akamwambia asogee, akampima tena. Sentimita 114. Alikuwa na miaka kumi, na huo ni urefu wa kawaida wa msichana wa miaka sita.

Akanieleza mwendo wa kurefuka. Mtoto huongeza karibu sentimita 25 katika mwaka wa kwanza wa maisha na kama 12 katika wa pili. Baadaye mwendo hupungua, na kati ya miaka minne na kubalehe mtoto huongeza tano hadi sita kwa mwaka. Wakati wa kubalehe hukimbia tena, wasichana mapema kuliko wavulana, halafu husimama. Mtoto wa shule anayeongeza chini ya sentimita nne kwa mwaka anahitaji kuchunguzwa, hata kama bado hajawa mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo viwili vyenye tarehe, vilivyotengana kwa miezi sita au mwaka, ndivyo vinavyosema. Mpime mwanao siku ya kuzaliwa kwake kila mwaka, uandike. Tepu yangu haijawahi kunifaa kuliko hivyo.

Tulitumwa eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja mpaka kifundo. Niliuliza kwa nini mkono ilhali tatizo ni kimo. Jibu ni kwamba mkono una mifupa mingi midogo inayojitokeza kwa utaratibu unaojulikana, na picha moja inatosha kukisia mifupa yote imefikia umri gani. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300, vingi vikiwa bado na sehemu za gegedu, ile tishu laini ambayo haijawa mfupa mgumu. Mtu mzima ana 206, kwa kuwa vingi vimeungana. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, na mtoto anapozaliwa hakuna hata mmoja unaoonekana kwenye picha kwa sababu yote ni gegedu. Miwili ya kwanza huonekana ndani ya miezi michache, mingine hufuata, na wa nane, ulio upande wa kidole cha mwisho, huchelewa mpaka miaka tisa au kumi kwa wasichana. Kwa binti yangu ilionekana saba, na ile iliyoonekana ilikuwa midogo. Picha ililinganishwa na atlasi, kitabu cha picha za mikono ya kila umri, iliyotokana na watoto wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha kuanzia miaka ya 1930, na daktari alinitahadharisha kwamba watoto wale si wetu, hivyo umri unaopatikana ni makadirio. Hata hivyo, tofauti yetu ilikuwa kubwa mno kubishaniwa: mtoto wa miaka kumi, mifupa ya miaka sita.

Nilipoishika ile picha kwenye mwanga niliona mstari mweusi karibu na ncha ya kila mfupa, nikauliza ni nani aliyemvunja mwanangu mkono. Daktari alisema pale ndipo mfupa unaporefukia. Mfupa mrefu, kama wa paja au wa mguu, haukui kwa kuvutika katikati. Karibu na ncha zake kuna bamba jembamba la gegedu. Ndani ya bamba hilo seli hujipanga safu safu, hugawanyika, huvimba, kisha nafasi yake huchukuliwa na seli zinazojenga mfupa mgumu. Ncha inasogezwa mbali, mfupa unarefuka. Gegedu halionekani kwenye eksirei, ndiyo maana panakuwa na mstari mweusi. Nilimwelewa kwa kazi yangu: bamba lile ni kama upindo ninaouacha ndani ya sketi kwa mama anayetaka sare idumu. Ukiwepo, kuna cha kushusha. Wa binti yangu ulikuwepo wote, haujaguswa, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nililia kwa furaha, kwa sababu mifupa iliyochelewa ni mifupa ambayo bado ina nafasi.

Ni nini basi kinachoiamuru mifupa? Niliomba nielezwe taratibu, na daktari hakunidharau. Chini ya ubongo, kwenye kishimo kidogo cha mfupa wa kitako cha fuvu, kuna tezi ya pituitari, ukubwa wake kama punje ya njegere. Inatoa homoni ya ukuaji, nyingi zaidi katika usingizi mzito wa usiku, na homoni hiyo hulifanya ini na mifupa yenyewe kutengeneza kichocheo kingine, IGF-1, kinachozihimiza seli za gegedu zigawanyike. Shingoni kuna tezi ya thairoidi. Homoni zake zinahitajika ili seli zile zikomae na kugeuka mfupa, na bila hizo hata pituitari hutoa homoni ya ukuaji kwa uchache. Kisha, wakati wa kubalehe, huja homoni za uzazi: kwanza zinauharakisha mwendo, halafu zinayafunga mabamba. Inayoyafunga ni estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana pia, maana mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni yake kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204, mabamba yake yako wazi, na bado alikuwa anarefuka. Kwa wengine wote, mabamba yakishafungwa hakuna kidonge, sirapu wala sindano inayorefusha mifupa. Matangazo ya simu yanayomwahidi mtu mzima sentimita kumi yanauza uongo.

Sababu za mtoto kusimama kurefuka zinaweza kuwa nyingi: selimundu, ambayo ni ya kawaida kaskazini mwa Uganda, figo, virusi vya UKIMWI, utumbo usiofyonza chakula, na kwa wasichana tofauti ya kromosomu iitwayo Turner. Daktari aliniuliza pia kama tunatumia chumvi ya pakiti yenye madini ya joto, kwa kuwa mihogo ikiliwa sana bila madini hayo huisumbua thairoidi. Tunaitumia. Lakini alisema unene ndio uliomwelekeza. Mwenye njaa au ugonjwa wa muda mrefu kwa kawaida hupungua uzito kwanza, kimo baadaye. Anayeongezeka uzito huku kimo kimesimama, tafuta kwenye homoni. Akaandika kipimo cha TSH, homoni ambayo pituitari huiamuru nayo thairoidi, na cha T4, homoni ya thairoidi yenyewe. Damu ilitolewa Arua ikapelekwa Kampala. TSH ilirudi iko juu mno, T4 chini: pituitari inaiita thairoidi kwa nguvu, thairoidi haiitikii. Kipimo cha baadaye kilionyesha kwamba kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiishambulia tezi.

Tulipewa rufaa kwenda Kampala, na hapa gharama zilituelemea. Eksirei ilikuwa ndogo kuliko nauli. Vipimo vya damu vilikuwa vikubwa kuliko eksirei, na kula, kulala na kukosa kazi kulizidi vyote. Tuliuza mbuzi na nikakopa kwenye kikundi chetu cha akiba. Kilichotuokoa ni ndugu wa Bombo, ambapo basi la Arua hupita kabla ya kufika Kampala. Tulilala kwao na asubuhi tukapanda teksi mpaka mjini. Binamu yangu wa huko alikuja nasi kwa sababu ya lugha. Wauguzi wengi walisema Kiganda, daktari alisema Kiingereza, na mimi Kiswahili ndicho kinachonitosha kuuliza maswali magumu. Nenda na mtu wa kukutafsiria, na mwombe daktari aandike maelekezo kwenye karatasi. Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kliniki ya watoto wenye matatizo ya homoni. Zamani utaalamu huo ulikuwa haba kabisa Afrika Mashariki; mafunzo ya eneo letu yalianza Nairobi mwaka 2008, na baadhi ya waliosomea huko wamerudi Uganda.

Dawa ni kidonge kidogo cha levothairoksini kila siku, maisha yote. Si ghali kama nilivyohofia. Ugumu wake ni nidhamu. Kinywewe kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Maziwa, kalisi na dawa za damu zenye madini ya chuma hukizuia kisifyonzwe, hivyo zile sirapu zilizobaki kabatini zilikuwa zingeharibu tiba kama tungeendelea nazo. Daktari alisema zitenganishwe kwa saa nne au ziachwe. Nyumbani kwetu msimamizi ni mama mkwe. Akimaliza sala ya alfajiri anamwamsha mjukuu wake, anampa kidonge, chai inakuja baadaye. Binti alipotaka kuanza kufunga Ramadhani tulimuuliza daktari kwanza, tukakubaliana akinywe mapema kabla ya daku. Kopo linakaa mbali na jua na joto la jiko, na nanunua vidonge kabla havijaisha, kwa kuwa maduka ya Arua wakati mwingine hukaukiwa.

Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na kila dozi inapobadilishwa. Hakuna aliyetuandaa kwa mabadiliko ya tabia, kwa hiyo nawaandaa ninyi. Wiki za mwanzo nywele zilipukutika kidogo kisha zikarudi. Binti yangu mtulivu akaanza kukimbia, kujibizana, kukosa subira ya kukaa darasani, mwalimu aliniita. Daktari alipunguza hofu yetu: huyo ndiye mtoto aliyekuwa amefunikwa, na wengi hutulia baada ya miezi. Choo kikawa cha kila siku. Sweta likabaki msumarini. Katika mwaka wa kwanza aliongeza sentimita 11, na uliofuata nane. Nilishusha pindo mara nyingi kuliko la mtoto mwingine yeyote wa wateja wangu.

Hatari moja niijue mapema, aliniambia daktari, na nawapa vilevile. Mtoto mwenye upungufu wa thairoidi, hata anapoanza kurefuka kwa kasi, anaweza kuteleza nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kinahama pale kwenye bamba la ukuaji. Maumivu huweza kusikika gotini ilhali tatizo liko nyongani. Akianza kuchechemea au kulalamika goti, asikandwe wala asipelekwe kwa mvuta mifupa. Asiukanyagie mguu huo, aende hospitali siku hiyo hiyo, apigwe picha ya nyonga zote mbili.

Sasa dalili za kubalehe zimeanza, na kila mwaka mkono wake hupigwa picha kuona mabamba yamebaki na nafasi gani. Makadirio ni kwamba atapungua sentimita chache kwenye 163, kwa sababu miaka ile ya sirapu hairudishwi yote. Angeanza dawa baada ya mabamba kufungwa, angebaki pale alipokuwa. Kidonge kitaendelea hata mifupa ikishamaliza, kwa ajili ya moyo, akili na uzazi wake. Akibeba mimba dozi itahitaji kupandishwa mapema, na hilo tumekwisha kumwambia yeye mwenyewe.

Kwa walioko Koboko, Yumbe, Nebbi, Moyo na Adjumani: kabla ya kupanda basi, mpimeni mtoto kimo kama nilivyoeleza, tafuteni kipimo chochote cha zamani chenye tarehe, andikeni urefu wa baba na mama, pigeni eksirei ya mkono wa kushoto na mtoe damu ya TSH na T4 huku huku. Bebeni picha yenyewe pamoja na karatasi ya majibu, katika mfuko usioingia maji. Ukifika Kampala mikono mitupu, siku ya kwanza itaishia kwenye foleni ya maabara, na utalipia malazi ukingoja majibu ambayo ungeweza kwenda nayo.